Makaratasi ya Trei ya Chini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, popote barua hii itakapokukuta, wodini au nyumbani. Mwili wangu mzima, roho ndiyo mbovu. Vipi mgongo wako baada ya siku zote hizo kwenye benchi la hospitali? Mama je, ameanza kula? Bado ananiita kwa jina la marehemu baba? Uliniambia jana kwenye simu kwamba anawachanganya watu.

Jana hiyohiyo nilikuomba ufungue droo ya cherehani yake mbovu, utoe chupa mbili za vidonge, umpelekee daktari haraka. Ukazikuta. Ukaniuliza nimejuaje, nami nikasema mtandao unakatakata. Mtandao ulikuwa mzima kabisa, Dada. Leo nakujibu.

Unakumbuka nilivyojigamba nilipopata kazi kwa yule msambazaji wa vitamini D, kwamba sasa ninavaa shati la kola na kusoma tafiti za madaktari. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la matairi, kinanuka mpira na manukato ya bosi. Tumempa jina la Bwana Jua, kwa sababu humwambia kila mteja kwamba jua lote analolihitaji limo ndani ya chupa. Kazi yangu ni kuandika vipeperushi.

Mezani kwangu kuna trei mbili. Ya juu ni ya tafiti zinazosema wenye upungufu wa vitamini D huugua zaidi: moyo, presha, sonona, na kadhalika. Hizo ndizo nilizotumia kuandika. Trei ya chini ni ya tafiti ambamo wataalamu waliwapa maelfu ya watu vidonge hivyo, wengine wakapewa vidonge visivyo na kitu, wakafuatiliwa kwa miaka. Presha ikabaki ileile, moyo uleule. Nyingi zilisema hivyo. Mgonjwa anayeshinda ndani halioni jua, kwa hiyo vitamini hupungua. Kumjazia hakumaanishi ugonjwa utaondoka. Mtoto wa shule angeelewa. Bwana Jua alielewa vizuri sana, ndiyo maana kila Ijumaa aliamuru trei ya chini ipelekwe kwenye mashine ya kukata karatasi, na vile vipande tukajazia maboksi ili chupa zisivunjike njiani. Aliita hiyo kubana matumizi, akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

Kinachonichefua zaidi ni kwamba dawa yenyewe si takataka. Mtoto mwenye matege, mtu aliyepimwa damu na kukutwa amepungukiwa kweli, hao inawafaa, kwa kipimo alichoandika daktari. Lakini hao ni wachache mno kwa tamaa ya Bwana Jua. Mwezi uliopita alikuja mwalimu mstaafu kuuliza kama vidonge vitamsaidia mkewe mwenye saratani. Bosi akamshika mikono yote miwili, akamwapia kwamba vitamsaidia. Mzee alipoteremka ngazi, bosi alijifuta viganja kwa kitambaa, akafungua droo, akameza kidonge chake cha presha cha hospitali na chai. Hajawahi kugusa zile chupa zake. Nilikaa pale nikimtazama. Kisha nikaendelea kuandika. Hapo ndipo ninapojichukia.

Uliniambia daktari amekuta kalsiamu imezidi kwenye damu ya Mama, kwamba ndiyo iliyomletea kiu, kutapika na kuchanganyikiwa, na figo zimeanza kulemewa. Uliniambia pia kwamba umemfukuza Shangazi, kwa sababu unaamini majani yake aliyokuwa akimchemshia ndiyo yaliyomwumiza, na kwamba aliondoka na begi lake bila kujitetea.

Dada, Shangazi hana kosa. Vitamini D ikizidi mwilini hupandisha kalsiamu, na chupa zile nilizituma mimi.

Mama alilalamika kwamba vidonge vya presha vinamchosha. Nilitaka niwe mtoto aliyemponya, mimi kitinda mimba ambaye kila siku unaniambia sijawahi kumaliza jambo. Nikampelekea boksi, na kipeperushi changu ndani. Alipouliza kama aache dawa za hospitali, nilimwambia apumzike nazo kwanza. Alipouliza ameze vingapi, nilisema kimoja kwa siku, na akiona nafuu inachelewa aongeze hadi vitatu. Na kwa kuwa ninakujua ulivyo mkali kwa dawa zake, mimi ndiye niliyemshauri azifiche kwenye droo ya cherehani. Ule ushuhuda kwenye kipeperushi, wa mama aliyeacha dawa za presha akarudi shambani, niliutunga mwenyewe kabla ya saa nne asubuhi, nikanywa chai.

Kazi nimeiacha leo. Usinipongeze, nimechelewa. Keshokutwa nitakuwa hapo, na nitamweleza daktari kila kitu kwa mdomo wangu. Nakuomba kabla sijafika umrudishe Shangazi, umwambie ni mimi.

Na jambo moja zaidi. Boksi lilipofika, Mama alinipigia simu akicheka, akasema vile vikaratasi ni laini mno kuvitupa, amevijaza kwenye mto wake. Ufumue huo mto, Dada. Yote niliyomficha yamo humo vipande vipande, na pembeni utauona mwandiko wangu, kwa sababu nilikuwa nimeyasoma yote. Miezi minne Mama amekuwa akiyalalia.

Nisalimie watoto. Mama usimwambie kitu. Hilo niachie mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba