Ndengu Zisizoonjwa

Mjukuu wangu Nekesa,

Kuna jambo sijamwambia mtu. Jumamosi mimi huenda mtaa wa Mowlem, nyumbani kwa Mama Achieng, ambako watu humwimbia Krishna, mungu wa Wahindu. Baba, mzee wa kanisa, akijua atanikataza.

Huku sote tu wazima, na mguu wa Baba umepona. Usicheke; kwa ukoo mimi ni nyanya yako, ingawa shule nimemaliza juzi.

Katika barua yako uliniuliza kwa nini chakula kisubiri maombi. Siku yangu ya kwanza kwa Mama Achieng nilipikishwa ndengu za sadaka ya Krishna, nikaonja chumvi kama nilivyozoea.

“Umemtangulia mwenye chakula, mamii,” Mama Achieng akacheka, akaitenga sufuria nzima.

Nilitamani kutoroka. Nikapika upya bila kuonja. Kisha kengele ikalia, taa ikazungushwa mbele ya picha ya Krishna, na chumba kizima chenye njaa kikanyamaza, kikimngoja asiyeonekana ale kwanza. Sikujua kwamba njaa inaweza kuwa na heshima hivyo.

Mara hii ya pili chumvi nilisahau kabisa kuitia, na hakuna aliyeiulizia.

Nataka kurudi Jumamosi. Tafadhali, hata mama yako asiisome barua hii.

Nyanya yako,
Nafula