Sababu Zangu za Kurudi Sumbawanga

Alhamisi, Juni. Upepo umeamka kabla yetu, na ninaandika haya nikiwa na koti ndani ya nyumba. Moyo, hata hivyo, umetulia.

Leo nimetuma maombi ya viza ya Uingereza, ya mgeni wa kibiashara. Wachapishaji ninaowatafsiria vitabu vya kilimo wameniita Septemba kwa mikutano ya wiki moja. Miaka yote tumefanya kazi kwa kompyuta tu; nataka kukaa nao meza moja kabla macho hayajagoma.

Tatizo lilikuwa barua ya mwajiri. Sina mwajiri. Nimejiajiri, hapa hapa mtaani Katandala, Sumbawanga.

Mama wa stesheneri kule Majengo, niliyempelekea mikataba yangu aiskani, alinionea huruma.

"Babu, andika wewe ni meneja wangu. Muhuri si huu hapa?"

"Meneja mzima, na mshahara wangu uko wapi?"

Alicheka, akaendelea kuskani.

Tangu nivuke ziwa kutoka Kongo nikiwa mtoto, watu wameniandikia mengi: umri, kabila, hata jina. Safari hii nimejiandika mwenyewe, kama nilivyo. Mikataba ipo, taarifa za benki zipo, cheti cha uraia kipo.

Lakini swali moja lilinikalisha. Nitawaonyeshaje watoa viza kwamba nitarudi?

Mimi, niliyeondoka kwetu nisirudi.

Mke wangu, Mama Skola, alikuwa anapepeta ulezi. "Waambie una ntumba Milanzi," akasema.

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Mvua zilipokaribia kwisha tulilima shambani kule ntumba, yale matuta ya duara ya Wafipa, nyasi tukazifukia ndani zioze. Mvua mpya zikianza ndipo tutayabomoa, tusambaze udongo, tupande. Anayefikiria kuhama hafukii nyasi za msimu ujao.

Wazazi wangu hawakuwahi kulima ntumba. Walipanda mchicha na maharage, vitu vya kuvuna upesi, kwa sababu tulikuwa tunarudi Kongo. Kila mwaka tulisema tunarudi, mpaka nikawazika hapa.

Nimelieleza hilo shamba kwa aya moja ya Kiingereza chepesi, nikaweka na picha. Nilipomaliza kuisoma, nikatuma.

Wiki ijayo nashuka Dar kuchukuliwa alama za vidole. Naamini watanipa. Kuhusu viza, wataamua wao. La kurudi nimeshaamua mimi.