Bia ya Ngano Inayonukia Ndizi

Ujerumani, Jumapili

Kwako Kaka Nestori,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na miguu yake? Kahawa ya hapo Nyakasimbi mmeshaichuma, au mvua imewazuia? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, kaka, nisikufiche.

Habari uliyoniletea imenifika, kwamba mke wangu Editha amerudi kwao Rugu, na baba mkwe anasema nisipofika mwenyewe na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, kumchukua, atamwoza kwa mtu mwingine. Tangu hapo chakula hakipiti.

Hapa kiwandani ninapojifunza ufundi wa mitambo ya bia, ruhusa hutolewa na msimamizi wetu, mzee mmoja mwenye mashavu mekundu. Ijumaa alituita sisi wageni tuonje bia yao ya ngano, ambayo watu wa huku wanaipenda hata asubuhi. Nikajisemea, akishafurahi nitamwomba ruhusa. Akanimiminia glasi ndefu. Nikaishika, nikamngoja asogongere, yaani aonje yeye kwanza, kama mwenye pombe afanyavyo kwetu ili mgeni ajue haina kitu ndani. Kumbe naye alikuwa akiningoja mimi. Tukatazamana kama majogoo mpaka povu likashuka. Wenzangu wakaacha kunywa.

Mwishowe akaniuliza, "Unadhani nimetia sumu?"

Nilitaka kumweleza kwamba ni heshima tu, lakini Kijerumani kikanikimbia, nikasema, "Kwetu mwenye pombe huonja kwanza, maana huwezi kujua." Kaka, nilijimaliza mwenyewe.

Ndipo nikanywa. Rangi yake imevurugika kama rubisi isiyochujwa, povu lililobaki ni zito, uchungu kidogo. Ukimeza inaacha harufu ya ndizi mbivu, na humo hamna hata ndizi moja. Ni nzuri, sikatai. Ila ule ukali wa mtama tunaotia kwenye rubisi haina, na inapita kooni haraka mno, haikai na mtu. Harufu ndiyo iliyoniponza. Nilimwona Editha amebeba nyasi za kukamulia ndizi, nikalia mbele ya watu wazima, wakadhani pombe imenipanda. Nilipoomba ruhusa, mzee alisema mtu anayelewa kwa glasi moja hawezi kusafiri peke yake. Nikiondoka bila ruhusa, mafunzo yamekwisha na nauli hawanipi.

Sasa nakuomba wewe. Kata ndizi za shambani kwangu, kamua, uende Rugu. Mbele ya baba mkwe sogongera wewe kwanza, umwambie mdomo huo ni wangu. Najua desturi hairuhusu. Mwombe hata kwa magoti. Editha mwambie sijaoa huku, wala sina mpango huo.

Nisalimie Mama, shangazi anayewalelea watoto, na mjomba fundi baiskeli wa Ndama. Waambie wote wanikumbuke kanisani.

Na baba mkwe akiirudisha pombe, kaka, usiniandikie kwamba amenikataa. Niandikie kwamba ilichacha.

Mdogo wako,
Projestus