Kiti Kimoja na Mama Mkwe

Zaituni wangu,

Bujumbura ni joto, mama yako hajambo, na bustani ya michezo imefunguliwa tena. Kwa ajili ya korona tunanawa getini, na kwenye gurudumu kubwa la kupandisha watu angani wanaokaa kiti kimoja ni watu wa nyumba moja tu. Unajua mama yako anavyoniheshimu mimi mkwewe: tangu harusi yetu hanisogelei. Mita moja aliianza yeye, kabla ya serikali. Juzi nilimpeleka tukalipande gurudumu hilo.

“Mama, uyu ni mutu wa kwako?” mkata tiketi akamuuliza.

Akatazama kule juu, akaona nikikataliwa atapanda peke yake.

“Ni mutoto yangu,” akasema.

Angani aliung’ang’ania mkono wangu. Tuliposhuka akanawa, akairudia mita yake. Alama za kucha zake ninazo bado. Nakuja nazo uzione. Ukae salama, mpenzi.

Wako, Ramadhani