Bei ya Ng'ombe wa Bibi

Jumatatu, 9 Novemba
Kipindi cha taarifa za fedha tena. Sikuelewa tena. Mhadhiri anaongea Kiingereza cha haraka, naandika kila kitu, nikifika nyumbani ni kama nimenakili daftari la mtu mwingine. Kazi ya wiki: chagua biashara ndogo unayoijua, tengeneza mizania yake, mali upande huu, madeni upande ule. Wenzangu wamechukua maduka ya wajomba zao mjini. Mimi nimechukua maziwa ya bibi. Ng'ombe mmoja, Sinyati. Nilidhani itakuwa rahisi.

Jumanne, 10 Novemba
Si rahisi. Sinyati alikuja akiwa mtamba, hajazaa bado, zawadi ya kaka yake bibi kwenye msiba wa babu. Hatukutoa hata shilingi. Kwa hiyo gharama yake ni sifuri. Sifuri inatoaje maziwa? Nilisimama mlangoni kwa mhadhiri nimuulize. Nikaondoka. Kitabu kinasema mnyama huandikwa kwa bei ambayo angeuzwa leo sokoni.

Jumatano, 11 Novemba
Nimepita soko la Tengeru. Nimemwonyesha dalali wa ng'ombe picha ya Sinyati kwenye simu. Akauliza ni wa nani, nikamwambia. Amenipa bei kubwa kuliko nilivyowaza. Nilirudi najiona msomi.

Ijumaa, 13 Novemba
Dalali amekuja nyumbani na kamba, akamwambia baba:
"Binti yako ndiye kaniita, mzee."
Sikumwita! Akaitaja bei mbele ya bibi. Bibi hajawahi kumtajia Sinyati bei. Kwake ni kama kumpangia bei kaka yake. Aliinuka akaingia ndani.
Baba hakukataa. Alisema, "Pita Jumapili, baada ya ibada." Ada yangu haijakamilika. Najua anachowaza.
Jioni nilimwamkia bibi. Shikamoo. Kimya.

Jumamosi, 14 Novemba
Shikamoo ya asubuhi. Kimya. Kitabu kiko sahihi. Bibi yuko sahihi. Baba naye. Haiwezekani wote wawe sahihi. Au inawezekana? Sijui.

Jumapili, 15 Novemba
Dalali alirudi. Sauti yangu ilikuwa ya kifaranga, lakini nilisema mbele ya wote: niliuliza bei ya kuandika, si ya kuuza. Nikamwomba dalali radhi.
Alicheka sana. "Bei ya kuandika! Chuo gani hicho? Mwenzako nimekuja na kamba, wewe una kalamu!"
Nikamwambia baba nitaenda mwenyewe ofisi ya ada, niombe kulipa kidogo kidogo. Mimi, nisiyethubutu kunyoosha mkono darasani. Baba akamsindikiza dalali mpaka barabarani. Kamba ilikuwa tupu.
Bibi aliona yote.

Jumanne, 17 Novemba
Ofisini wamekubali. Nilisahau hata namba yangu ya usajili.
Mizania nimeikabidhi. Bei ya dalali nimeiacha palepale. Chini nimeongeza mstari: mwenye mali hauzi. Huenda ni kosa. Bado sielewi ng'ombe huyu ni kiasi gani.
Jioni nimekata majani. Mlima umefunikwa na wingu. Bibi alikuwa anakamua, amenipa mgongo.
"Shikamoo, bibi."
Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo.
"Marahaba. Njoo ushike mkia, ananichapa."
Nikashika.