Lori Lilipokuja Kuchukua Pijo

Na ndiyo, Mama Deo, ni Elia yule yule. Najua hilo ndilo ungeanza nalo, unajifuta mikono kwenye khanga, unainama dirishani kana kwamba hunijui: "Dereva, abiria ni huyu huyu au ulishamshusha?" Ni huyu huyu. Tulifunga ndoa baada ya Pasaka, wewe ukiwa umeshalala kaburini kule Kilema. Tulikuwekea kiti mstari wa mbele, juu yake khanga yako ya kijani aliyonipa dada yako, na kila aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mtu.

Nampenda mpaka naona haya. Bado anawapikia wageni wanaopanda mlima, na akishuka ananukia moshi na mafuta ya taa, lakini kabla hajavua viatu ananiuliza kama nimekula. Chumba chetu cha Majengo ni kimoja, kitanda na jiko vinatazamana, na bado nikisikia buti zake koridoni najikuta nimeshasimama mlangoni. Mama mwenye nyumba anasema nitazoea. Sitaki kuzoea.

Lakini sikuketi kukuandikia kwa ajili ya harusi. Jana lori la skrepa lilikuja kwenye mgahawa wako, Kula Garini, kuchukua magari yote matatu, Landrova, Datsani na Pijo. Nataka habari hiyo uisikie kwangu.

Tangu tukuzike jiko limefungwa. Mwanao, Kaka Deo, alitia kufuli siku ile ile tulipoanua matanga, akarudi Tarakea kwenye biashara zake za mpakani. Nyasi zimefika kwenye madirisha ya Landrova. Kuku wa jirani anatagia kwenye kiti cha Datsani. Kuna madereva ambao mpaka leo wakifika pale wanapiga honi, mazoea tu, na hakuna anayetoka na sahani. Mimi na Elia tulimwendea Kaka Deo kwa heshima zote tukamwomba atukodishie, Elia apike, mimi nihudumie, mume wangu aache kulala kwenye baridi ile. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kiwanja kitasafishwa, atajenga fremu za maduka, na magari yatauzwa kwa kilo. "Watoto wa shule siku hizi hawali kwenye magari mabovu, mdogo wangu. Wana simu."

Kwa kilo. Gari lililonipa mume, lipimwe kwa kilo kama maharage.

Usiku ule nilikukumbuka unamenya viazi na kutusimulia ilivyoanza. Baba Deo alikuwa fundi wa magari. Alipofariki alikuachia kijana mmoja na magari matatu ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Ulikuwa unauza mtori wa ndizi na nyama ya kuchoma kando ya barabara. Masika yakipiga, wenye magari hawakutaka kushuka, basi ukawa unawapelekea sahani dirishani, na fundi mmoja wa Majengo akakutengenezea sinia zenye kulabu za kuning'inia mlangoni. Ndipo wanafunzi wakaanza kusimama ng'ambo ya barabara siku za Jumamosi, wanatazama tu. Hawana gari, wala baba mwenye gari. Ukawaita. "Mnangoja nini kwenye mvua? Ingieni kwenye Pijo." Ukawapelekea sinia vile vile, ukaining'iniza vile vile, na ukamwuliza aliyekaa kwenye usukani, bila kucheka: "Dereva, abiria wako wanakula nini?"

Hilo ndilo lililotufanya tutoke mjini kwa miguu kuja kwako, sisi na waliotutangulia na waliotufuata. Chipsi zilikuwa kila kona. Kwako tulikuwa watu wenye safari. Pijo halina tairi, limekaa juu ya matofali, nasi tulienda nalo Arusha, tukaenda Mombasa, na kuna Jumamosi tulifika Ulaya mtori ukiwa bado wa moto. Na sheria zako, Mama Deo. Msichana ndiye anayeshika usukani. Milango ya nyuma uliing'oa yote miwili: "Mapenzi yenu nataka niyaone kutoka jikoni." Siku ya kwanza Elia alipokaa kando yangu ulikuja ukatutazama, mimi Mkatoliki, yeye Mlutheri, ukasema, "Madhehebu mawili, gari moja, breki hakuna. Haya, mtakula nini?" Nilicheka mpaka soda ikanitokea puani, mbele ya mwanamume niliyetaka anione malaika.

Basi jana asubuhi mwenye kuku alinipigia simu. Bahati Elia alikuwa ameshuka mlimani. Tulifika tukihema, tukakuta Landrova limeshapanda juu ya lori, na Datsani linavutwa. Mnyororo ulilia mpaka nikaziba masikio. Kaka Deo alikuwa amesimama barazani kwako, mikono mfukoni, hataki kututazama. Nikamwamkia. Akaitikia kwa kidevu. Elia akamwambia, "Kaka, hata hilo moja tuachie." Akajibu, "Lipo katikati ya kiwanja, Elia. Hilo moja ndilo linalonizuia kujenga." Ikawa hivyo. Pijo likiondoka, msingi unachimbwa, na sisi tunarudi Majengo na buti zetu.

Dereva wa lori ni mzee wa Rombo, ana kofia ya sufu. Alilisogelea Pijo, mnyororo begani, halafu akasimama ghafla kama mtu aliyeona nyoka njiani. Akaulaza mnyororo chini polepole. Akavua kofia.

"Hapa amelala nani?"

Ni yale masale, Mama Deo, ile mimea ya majani marefu. Yamekua mpaka kifuani, yamelizunguka Pijo pande zote, hakuna pa kupitisha hata kuku. Mtu wa mlimani akiona masale yamesimama hivyo anajua ni kaburi au ni mpaka, na vyote viwili havikatwi.

"Hajalala mtu, meku, mzee wangu," Kaka Deo akasema. "Ni maua tu."

"Maua." Mzee alimtazama. "Kwani wewe umezaliwa wapi?"

Mautingo wa lori wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Mzee akageuka kwetu. Akaniuliza mimi, sijui kwa nini mimi: "Mama, kuna mtu humu au hakuna?"

Nilijua nikisema yupo, lori linaondoka. Neno moja tu. Lilikuwa limeshafika ulimini, Mama Deo, nisikudanganye. Nikamtazama Elia. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa. Alinitazama kama anavyoonja mchuzi, ametulia, anasubiri ajue umefikia wapi. Nikaona kwamba nikilianza jiko letu kwa kuzika mtu ambaye hayupo, sitakula humo kwa raha hata siku moja.

"Hakuna kaburi, baba," nikasema. "Ni watu waliopatana."

Nikamweleza. Kwamba vijana wakigombana uliwaita kwa majina, ukamkatia aliyekosa isale, shina moja la masale hayo, kutoka kule nyuma ya migomba, ukawaingiza wote wawili kwenye Pijo na sahani moja ya chipsi na kijiti kimoja. Mwenye kosa ampe mwenzake isale, na aliyepewa hana ruhusa ya kukataa, mila ya Uchagani ni mila. Hamshuki mpaka sahani iishe. Mkishuka mnalichomeka hilo isale ardhini kando ya gari, na isale halina maringo, likichomekwa linashika. Nikamweleza na la kwetu, siku Elia alipowadanganya wenzake kwamba mimi ndiye ninayemfuatafuata. Nilishika isale lile nikanuna mpaka chipsi zikapoa, naye akashika kile kijiti hajui akifanyie nini, na mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye ninayekufuata. Nilikuwa naogopa watajua." Mama Deo, nilitamani breki nazo nizing'oe.

Mzee alinisikiliza akizungusha kofia mikononi. Kisha akamwambia Kaka Deo, "Basi hapa ni pabaya kuliko kaburini. Kaburi lina mwenyewe mmoja, utamwomba radhi. Hawa nitawaomba wangapi?" Akaenda kukaa kwenye ngazi ya lori. "Kata wewe. Pakishakuwa peupe nitafunga mnyororo. Mimi hayo siyagusi."

Kaka Deo akachukua panga lililokuwa chini ya kiti cha lori.

Alitembea kama mtu aliyechoka kuchekwa. Elia akapiga hatua, nikamshika shati, maana nilimwona Kaka Deo usoni na sikutaka mume wangu awe kati ya panga na Pijo. Akafika. Akashika shina moja kwa mkono wa kushoto, akalikunja, panga likapanda juu.

Nikasema, "Kaka, la kwanza kupandwa hapa ni la kwako."

Hakugeuka. "Najua."

Panga lilibaki pale pale juu. Halafu akauliza, bado ametupa kisogo:

"Mama alikuonyesha ni lipi?"

"Hapana. Tulimwuliza sana. Alisema akituonyesha tutalichezea."

Ningeweza kumwonyesha lolote, angeniamini. Akaachia lile shina, likarudi wima. Akashika lingine, akalitazama kwenye mizizi, akaachia. Akazunguka Pijo lote hivyo, ameinama, anafungua majani kwa ncha ya panga kama mtu anayetafuta yai. Yote yanafanana, Mama Deo. Ya zamani yamezaa, ya juzi yamekua, huwezi kujua la nani ni lipi. Alipofika tena alipoanzia alikuwa amelowa umande mpaka mabegani, na panga alikuwa amelishusha.

Akaanza kusema, si kwetu hasa. Kwamba baada ya kumzika baba yake aliondoka bila kukuaga akaenda mpakani, ukakaa hujui kama yu hai. Kwamba aliporudi hakuwa na isale wala hakuwa na maneno. "Alinikatia yeye mwenyewe," akasema. "Akaniwekea mkononi, ili mimi nimpe." Hayo hukutusimulia. Tulidhani unajua kuchekesha tu.

Kisha akamwambia yule mzee, "Nenda na hayo mawili." Mzee hakuuliza. Alivaa kofia, akawasha lori, na Landrova na Datsani yakaondoka yakiwa yamepandana. Niliyalilia, sikufichi. Kuna watu wengine huko duniani walioanzia kwenye Landrova kama mimi nilivyoanzia kwenye Pijo, na hawajui.

Kaka Deo akakaa barazani. Akasema ameondoka Tarakea bila kunywa hata chai, akatoa ufunguo mfukoni, akampa Elia bila kumtazama. Mume wangu akaingia jikoni kwako. Alipangusa vumbi kwa shati lake, akaenda kuomba ndizi kwa jirani, na alipotoka na mtori usio na nyama, Mama Deo, nilimwona mwanamume mzuri kuliko wote wanaokula ndizi mlima huu. Tulikula watatu.

Sitaki kukudanganya kwamba tumeshinda. Hakusema fremu zimekufa. Alisema ufunguo tukae nao, atafikiri. Elia anaogopa akifika Tarakea moyo utamgeuka, nami naogopa hivyo hivyo.

Ila alipokuwa anaondoka aliniuliza kaburi lako liko katika hali gani. Nikashangaa, nikamwambia, "Kaka, si lako hilo la kunijuza mimi?" Akatazama barabarani. Ndipo nikajua kwamba tangu siku ile tulipokufukia hajapanda Kilema tena. Nikamwambia twende pamoja. "Nendeni nyie," akasema. Alipokwishafika barabarani akarudi, akauliza kama njia ya kule inapitika na mvua hizi.

Inapitika, Mama Deo. Hata isipopitika tutaenda. Najua atasema ana mzigo umekwama mpakani, atasema gari limeharibika, atazima simu. Nitamfuata Tarakea mwenyewe nimkalie mlangoni mpaka wateja waulize. Pumzika kwa amani ya Bwana, mama yetu, na usihangaike kutuandalia kitu. Kabla mwezi huu haujaisha utatusikia tunabisha hodi kwenye kihamba chako, kwenye migomba ulikolala, mimi na mume wangu, na katikati yetu mwanao.

Ni mimi, dereva wako,
Neema