Ndege ya Garama Ilipokwama Maungu

Maungu, 9 Novemba 1949

Dada Kanze,

Hujambo? Mama naye, kifua chake? Mimi mzima, ila tumekwama. Mbele mto umefurika, nyuma daraja limekwenda na maji, na reli nayo imekatika huko Voi. Barua hii naipa vibarua wa reli wanaorudi Mombasa kwa kitoroli chao cha relini, kisichochukua abiria.

Mashindano ya Nairobi ni Jumamosi. Ndege yangu ndogo ya mbao, ile uliyoniona nikiirusha Changamwe kwa nyaya mbili ikinizunguka, imo sandukuni, kavu. Bwana wa uwanja wa ndege, aliyetangulia Nairobi, alisema ikiruka vizuri mbele ya wenzake ataniingiza karakana, niache kufagia. Lorini tumo watatu: mimi, dereva Kioko, na Nyamvula, mjamzito anayemfuata mumewe Voi. Turubai lavuja. Hakuna pa kwenda.

Nduguyo,
Garama

Mtopanga, 11 Novemba 1949

Ndugu yangu Garama,

Sisi hatujambo, ila mama halali. Vibarua wako wanarudi huko sasa hivi, basi naandika mbio. Hilo sanduku lilinde. Miezi saba umeikata na kuigandisha ndege hiyo kwangu, nyumba nzima ikinuka gundi. Nakujua: ukiombwa hukatai. Safari hii kataa.

Dadako,
Kanze

Nairobi, 15 Novemba 1949

Dada Kanze,

Salamu kwako na kwa mama. Barua yako ilinikuta imechelewa.

Ijumaa jioni Nyamvula alijifungua mle lorini, mtoto wa kike. Mvua haikukatika. Nyamvula akatetemeka mpaka meno yakagongana, na mtoto akawa hata kulia hawezi. Kuni zote zilikuwa maji. Kioko akaniambia, "Garama, kikavu ni kile chako."

Nikamwambia, "Hapana."

Kioko alivua shati akamfunika mtoto, na shati lenyewe limelowa. Basi nikafungua sanduku, nikavunja mabawa kwa mikono yangu, nikayamwagia mafuta ya injini yake. Yalishika mara moja. Juu yake tukavunjia sanduku, na moto ukakaa hadi kuni zikakauka.

Wote wawili wazima. Maji yalipopungua tuliwafikisha Voi, nami nikaja huku kumweleza Bwana mwenyewe. Alinisikiliza, akasema, "Bahati mbaya." Habari za karakana hakuzitaja. Kesho narudi kwenye ufagio.

Usiniandikie kwamba nimetenda wema, dada. Kila mtu ananiambia hivyo. Nami kila nikifumba macho naliona lile bawa likishika moto.

Nduguyo,
Garama